Msuluhishi Hufika Pesa Zikiwa Zimeisha

Mgomo wa kiwanda cha sukari ukitokea huku kwetu, televisheni huonyesha lango. Wafanyakazi wamevaa ovaroli, wameshika matawi, wanaimba "haki yetu". Polisi wamekaa ndani ya lori. Matrekta ya miwa yamepanga foleni hadi barabara ya lami. Anahojiwa mtu mmoja aliyekaukiwa na sauti, anasema hakuna atakayerudi kazini hadi senti ya mwisho ilipwe. Siku chache baadaye tunaambiwa mgomo umesitishwa baada ya mazungumzo. Hapo habari huisha.

Mimi nataka kuandika juu ya hayo mazungumzo, maana nimekaa ndani yake. Nilikuwa fundi wa maabara katika kiwanda kimoja cha sukari cha ukanda wa Nyando, magharibi mwa Kenya, na wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wao wa chama. Kiwanda chenyewe sikitaji, kwa kuwa tuko wengi ambao bado tunakidai. Serikali inapoingia kati ya mwajiri na mfanyakazi wa kiwanda kikubwa, mambo mawili ndiyo huamua kama mtu atapata haki yake: siku ambayo msuluhishi alifika, na kama aliuliza pesa ziko wapi. Hotuba, vitisho, hata ukali wa mgomo wenyewe, vyote vina uzito mdogo kuliko hayo mawili.

Nianze na siku.

Muwa huanza kupoteza sukari tangu panga linapoukata. Ukiwa maabara huhitaji kusimuliwa jambo hili. Tulikuwa tukichukua sampuli ya maji ya miwa kutoka kinu cha kwanza, tunapima briksi, yaani vitu vyote vilivyoyeyuka ndani ya yale maji, kisha tunapima pol, yaani kiasi kinachohesabiwa kuwa sukari yenyewe. Ukigawa cha pili kwa cha kwanza unapata usafi wa maji yale. Miwa iliyokatwa jana hutoa maji mazuri. Ile iliyolala juani siku nne au tano kwa sababu vinu vimesimama, maji yake huja meusi, yana utelezi, yananuka kama pombe ya busaa, na usafi umeshuka kiasi kwamba huko kwenye mitambo ya kupikia punje za sukari hazijengeki vizuri. Sehemu kubwa huishia kwenye molasi, ile shira nyeusi inayobaki. Mkulima naye hulipwa kwa tani, na muwa ukikauka uzito hupungua. Kwa hiyo siku ya pili ya mgomo, mkulima wa Awasi au Chemelil ambaye hana neno na mtu ameshaanza kulipia ugomvi usio wake.

Halafu kuna boila, tanuri la mvuke unaoendesha kiwanda. Inakula makapi ya miwa ileile inayosagwa. Vinu vikisimama, makapi hayaji. Boila ikipoa, kuipandisha presha tena kunahitaji kuni za malori na zamu nzima ya watu waliokesha. Meneja anayajua haya vizuri kuliko mwakilishi wa wafanyakazi. Ndiyo sababu siku mbili za kwanza kila upande una hofu ya kutosha ya kuusikiliza mwingine. Ikifika wiki ya tatu, miwa iliyokatwa imeoza, wakulima wamepeleka iliyobaki kwa kiwanda jirani, benki inapiga simu, na mfanyakazi anakopa unga dukani. Msuluhishi akija wakati huo anakuta pande mbili zilizochoka na kasha tupu.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 haikupangwa kwa saa za miwa. Mgogoro huripotiwa kwa waziri wa leba kwa maandishi. Waziri ana siku 21 za kuteua msuluhishi. Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kupatanisha, na pande zote zikikubali muda huo huongezwa. Asipofaulu, hutoa cheti kwamba mgogoro haukutatuliwa, na hapo njia ya mahakamani au ya mgomo halali hufunguka. Mgomo nao unataka ilani ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri. Kila hatua ikichukua muda wake wote, ni karibu miezi miwili kabla ya mtu kuweka chombo chini kihalali. Anayegoma kabla ya hapo amevunja mkataba wake mbele ya sheria: mshahara wa siku hizo hana, na anaweza kuadhibiwa. Aliyefuata hatua zote hawezi kufutwa kwa sababu ya kugoma, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa siku ambazo hakufanya kazi.

Siilaumu sheria kwa kudai subira. Subira hiyo ina asili yake, na ni asili ya heshima. Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa waziri wa leba, serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano Viwandani. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru na migomo ilikuwa mingi. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kuzungumza navyo. Vyama vikakubali kutoita mgomo kabla njia za mazungumzo hazijakwisha. Mboya hakuwa mgeni wa mambo hayo. Mwaka 1955 alikuwa amesaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa. Huku ziwani tunamtaja zaidi kwa siasa na kwa jinsi alivyouawa, ilhali kazi yake ya kuwaketisha wenye kazi na wafanyakazi meza moja ndiyo bado inagusa mfuko wa mtu wa Muhoroni kila mwezi. Mahakama ya Viwanda ilianza 1964. Baada ya katiba ya 2010 ikawa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye hadhi ya Mahakama Kuu, na ina kituo hapa Kisumu na kingine Nakuru.

Lakini ndani ya sheria hiyo ya 2007 kuna mlango ambao nashangaa haufunguliwi mara nyingi. Waziri anaweza kumteua msuluhishi kwa maslahi ya umma hata kama hakuna aliyeripoti mgogoro. Huku kwetu mgomo haumshtui mtu, dalili zake huonekana mapema. Mshahara umechelewa mwezi wa pili, zamu ya usiku inaanza kukosa watu, mwenye duka karibu na lango amefunga daftari la mkopo, watoto wamerudishwa nyumbani kwa karo. Afisa wa leba wa hapa anayaona haya yote, kwa sababu ananunua mboga soko moja na sisi. Anachokosa ni barua ya kumtuma, gari na mafuta. Maafisa hawa ni wachache, na kila mmoja amebeba mafaili ya walinzi, hoteli, shule, mashamba na viwanda kwa pamoja. Kila mara Bunge linapojadili bajeti nasikia mabilioni ya kufufua viwanda. Sijawahi kusikia mbunge wa ukanda wa miwa akisimama kuombea ofisi ya leba gari.

Mara moja tulifikiwa mapema. Alikuja mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti, aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono kwenye daftari kubwa la mistari. Vinu vilikuwa bado vinazunguka. Ilani ya mgomo ilikuwa mfukoni mwa katibu wa tawi. Alianza na kikao cha pamoja na kumwacha kila mtu aseme bila kukatizwa. Kisha akatutenganisha: wasimamizi wakabaki chumba cha bodi, sisi tukaenda kantini, naye akawa anatembea katikati.

Walio nje hudhani kutembea huko ni kupoteza wakati. Katibu wa tawi hawezi kusema mbele ya watu wote kwamba atapokea nusu sasa na nusu mwezi ujao, maana ataitwa msaliti kabla hajafika langoni. Meneja naye hawezi kukiri mbele ya mwenyekiti wake kwamba pesa kidogo zipo. Kila mmoja humwambia msuluhishi kando lile asiloweza kulitamka mezani, na ustadi wake uko katika kujua lipi la kubeba hadi chumba cha pili na lipi la kubaki nalo. Yule mama alikuwa nao. Alituuliza, "Ninyi mnaweza kuishi na nini mwezi huu?" Hakutuuliza tunadai nini, hilo lilikuwa tayari kwenye karatasi.

Alasiri akatuita sote tena, akamgeukia mhasibu.

"Sukari iliyouzwa wiki jana, pesa zake ziliingia akaunti gani?"

"Madam, hayo ni mambo ya ndani ya kampuni."

"Nimekuelewa, baba. Lakini sheria inaniruhusu kuitisha hati na kumhoji mtu. Nikuandikie wito sasa, ama utaniletea taarifa ya benki kesho saa tatu asubuhi?"

Ililetwa. Nilipata kuiona kwa macho yangu, kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Wafanyabiashara wa sukari walikuwa wanalipa kabla ya kuchukua mzigo, kwa hiyo pesa zilikuwa zinaingia karibu kila siku. Zikiingia asubuhi, jioni zilikuwa zimetoka: wenye malori, mwenye vipuri, wakili, mwenye malori tena. Mishahara ilikuwa inangoja mabaki. Hakukuwa na wizi kwenye karatasi zile. Kulikuwa na foleni, na watu waliokuwa wakisimama mbele ya boila usiku kucha walikuwa wamewekwa mwisho wake. Kabla ya siku ile kila kikao kilikuwa kikianza na kuishia kwa sentensi moja, kwamba kampuni haina pesa. Baada ya siku ile hakuna aliyeweza kuitamka tena, na mazungumzo yakawa ni nani asogee nyuma kwenye foleni na kwa wiki ngapi.

Tukaandikishana: sehemu maalum ya mauzo ya kila wiki iingie akaunti ya mishahara peke yake, na muhtasari wake ubandikwe kila Ijumaa pale tunapogonga kadi. Malimbikizo yalipungua polepole msimu ule wote. Wakulima hawakujua kwamba kulikaribia kuwa na mgomo, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Miaka iliyofuata mambo yakaharibika, wasimamizi wapya wakaifunga ile akaunti, nasi tukaingia barabarani bila kungoja mtu. Usuluhishi wa safari hiyo ulikuja na msafara wa magari. Ulifanyika hotelini Kisumu, kukiwa na wapiga picha. Miwa ilikuwa imeshaoza kwenye yadi. Makubaliano yalijaa ukurasa mmoja: wafanyakazi warudi kazini mara moja, na serikali itashughulikia malimbikizo kupitia makadirio ya ziada ya bajeti. Nilinyoosha mkono nikauliza ni kiasi gani, kitalipwa tarehe ngapi, na nani atatia sahihi hundi. Kiongozi wetu mmoja akaninong'oneza, "Komredi, mheshimiwa ameshaongea. Usituharibie." Tukarudi kazini. Fedha zile hazikuja mwaka huo, wala uliofuata.

Hapa pana jambo linalotuuma sisi wa viwanda vya umma kuliko wenzetu wa kampuni binafsi. Afisa wa leba ni mtumishi wa serikali. Mwenye kiwanda pia ni serikali. Anayeshika pesa ni Hazina, na ni serikali ileile. Kiwanda cha mtu binafsi kikigoma, serikali inaweza kuwa mtu wa tatu kweli. Inaweza kumkaripia tajiri, kumtishia, kumsihi. Kiwanda cha umma kikigoma, waziri mmoja anaketi katikati ilhali mwenzake wa baraza hilohilo ndiye anayedaiwa. Simtilii shaka afisa wa kawaida. Nimewaona wakifanya kazi kwa moyo. Ila afisa wa kaunti hawezi kumwandikia wito katibu wa wizara, naye anajua hivyo, na meneja anayeketi mbele yake anajua hivyo pia. Kwa migogoro ya namna hii ningependa msuluhishi asiwe mtumishi wa wizara yoyote, awe jaji mstaafu au mtu ambaye chama na kampuni wamemkubali kwa pamoja. Hilo lingeweka mbali mikono ya mwenye deni na kalamu ya anayeandika makubaliano.

Kuna lingine ambalo huachwa nje ya kikao kwa sababu halipigi kelele: makato. Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mhudumu wa boila. Hati yake ya mshahara ilionyesha kila mwezi kwamba mkopo wa chama cha akiba unakatwa. Kule chamani hakukuwa kumefika shilingi. Akaandikwa mdaiwa sugu, na wadhamini wake wakaanza kukatwa akiba zao, mmoja wao shemeji yake mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi hata kuingia kiwandani. Undugu ule haujapona hadi leo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri kuyafikisha makato pale yanapokwenda, na kutofanya hivyo ni kosa. Lakini ajenda ya usuluhishi ikiandikwa "malimbikizo ya mishahara", mwajiri huhesabu ile pesa ya mkononi tu. Kila anayeingia kwenye kikao aitake hesabu ya mshahara kamili, pamoja na pensheni, bima, chama cha akiba na ada ya chama cha wafanyakazi, kila mstari na tarehe yake.

Na msuluhishi akichelewa mno, hukuta mwenye kiwanda amebadilika. Tumeyaona haya ukanda huu mara nyingi kuliko inavyostahili watu kuyaona. Viwanda vya sukari vya Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, mwaka 2001. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Panpaper, ambacho mji mzima uliishi kwa king'ora chake, kilifungwa 2009. Kampuni ya sukari ya Mumias ikaingia kwa mrasimu 2019. Mrasimu ameletwa kwa ajili ya deni la benki, na meza ya usuluhishi kwake ni adabu tu. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mishahara ya miezi minne ya mwisho ndiyo hupewa kipaumbele, nayo haizidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Kinachobaki mfanyakazi hupanga foleni na wadai wengine. Mtu anayedai miaka miwili ya mshahara asome sentensi hiyo mara mbili. Malipo ya kupunguzwa kazini nayo, siku 15 kwa kila mwaka uliotumika kama kima cha chini, hupendeza kwenye barua kuliko kwenye benki.

Watu huniuliza kwa nini basi tusiende mahakamani, tupate amri, tulete madalali. Nimewaona madalali wakija kiwandani. Wanachukua matrekta. Trekta likiondoka, miwa haifiki kwenye vinu, na yule aliyeshinda kesi anakaa nyumbani na hukumu yake. Mfanyakazi wa kiwanda kizito anadai mtu ambaye hawezi kumuua bila kujiua mwenyewe, na kwa hivyo usuluhishi, pamoja na kasoro zake zote nilizozieleza, ndiyo njia ninayoiamini. Ila makubaliano yake yawe na meno. Yakishatiwa sahihi, pande zote ziyapeleke mahakamani yaandikwe kuwa amri kwa ridhaa. Hapo atakayeyavunja atakuwa amevunja amri ya jaji.

Nayaandika haya sasa kwa sababu mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony ya Awendo, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mwajiri mpya ana hesabu zake, madeni ya nyuma yana mwenyewe, na kati ya hao wawili ni rahisi sana mfanyakazi kuambiwa nenda kwa yule. Migogoro itakuja, mingine imeshaanza kunukia. Safari hii angalau aliye katikati hatakuwa yule anayeendesha vinu kila siku, na hiyo ni nafasi ambayo kamati za chama hazijawahi kuwa nayo. Waiombe wizara imtume msuluhishi kabla boila haijapoa. Wakatae ukurasa wowote usio na kiasi, tarehe, na akaunti itakayotoa pesa. Wataje waziwazi nani analipa ya kabla ya kukodishwa na nani analipa ya baadaye, mtu kwa mtu, kwa orodha iliyoambatishwa, na orodha hiyo isomwe kwa sauti kwa wanachama kabla ya sahihi.

Nakala ya makubaliano yale ya akaunti ya mishahara ninayo bado. Nimefuta jina la kampuni na majina ya watu, maneno mengine nimeyaacha yalivyo. Kama uko kwenye kamati ya chama popote kati ya Awendo na Bungoma, niandikie nikutumie. Utabadilisha asilimia na siku ya kubandika, mengine yatakufaa hivyohivyo.